Ukiona Ukungu, Fungua

Athumani alikuja kwangu Ijumaa iliyopita, ametoka msikitini moja kwa moja, ana barua mfukoni na swali mdomoni. Nilikuwa barazani napepeta mchele. Nikaona mzee mrefu wa kanzu safi na fimbo, amesimama njiani ananitazama. Akasema, "Hodi, Mwalimu." Mtu mmoja tu duniani aliniita hivyo, maana mimi sijawahi kufundisha hata kuku. Ungo ulinitoka mkononi, mchele wote chini. Miaka arobaini na kitu nilikuwa nimemweka katika wafu, nikamwombea na sala za marehemu, yeye Mwislamu, sijui huko mbinguni walizipeleka wapi. Nikasema, "Shikamoo, kaka." Akaitikia, "Marahaba," akaketi, akavua kofia akaiweka gotini. Tukaulizana yote yanayoulizwa, watoto, mashamba, miguu. Alikuwa amekuja Mlali, kwao, kumwoza mjukuu wake, na huko akasikia kwamba Tekla yule aliyekuwa kwa Mdachi bado yu hai, anakaa mjini karibu na misheni. Kisha akatoa barua ya mjukuu mwingine aliyeko Dar es Salaam, akasema nimsomee, maana yeye mpaka leo herufi hazijui. Kabla sijanyoosha mkono kuipokea, akauliza lile swali. "Hivi Bwana alisemaje alipofungua sanduku?" Nikamwambia ngoja kwanza nikakuwekee chai. Nikaingia jikoni, nikasimama mbele ya mafiga, nikasahau hata kuchochea moto.

Mwaka ninaousema ni ule wa mwisho kabla Wadachi hawajapigana na Waingereza. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, nimetoka shule ya masista, najua kusoma, kushona na kupiga pasi, na kwa mambo hayo matatu nilijiona mtu mkubwa sana. Nilipata kazi kwenye nyumba iliyokuwa juu ya mji, ubavuni mwa mlima, njia ya kwendea kilele cha Bondwa. Mwenye nyumba tulimwita Bwana wa Barabara, kwa sababu barabara za upande ule zilikuwa mikononi mwake, na wafungwa waliozilima walikuwa mikononi mwake pia. Hakuwa mtu mkali. Nikianza kusimulia huwa naona watu wanajiweka tayari kusikia ukali, lakini sivyo. Alikuwa mwembamba, mtu wa taratibu, anakohoa asubuhi, anasema tafadhali. Tuliomtumikia tulikuwa watatu. Mzee Kobelo alikuwa mpishi, Mluguru wa Kinole, aliyejua kupika supu ya viazi na kuilaani kwa Kiluguru huku anaikoroga. Athumani, wa Mlali, alikuwa na miaka ishirini na kitu, naye ndiye aliyeshika funguo za vyumba vyote. Na mimi na pasi yangu ya mkaa. Nyumba ilikuwa ya mawe, bati juu, sakafu ya mbao, na nyuma kabisa, upande unaotazama mlima, palikuwa na chumba kidogo chenye dirisha moja ambamo jua halikuingia mwaka mzima. Humo ndimo zilimolala sigara za Bwana.

Msidhani ni sigara hizi za vijiti mnazovuta nyie. Zilikuwa nene kama kidole gumba, rangi ya kahawia, majani matupu yaliyoviringwa bila karatasi, zimevuka bahari kuja kwake. Alizipenda kuliko chakula. Zamani alipokuwa akikaa chini mjini alikwisha kupoteza sanduku zima, joto la kule liliangua vidudu ndani ya tumbaku, vikazitoboa, ukivuta hewa inatokea ubavuni. Ndiyo maana alizipandisha kwenye baridi, naye akapanda nazo. Alitufundisha mimi na Athumani kuzitunza, kwa Kiswahili chake cha pwani alichokitamka neno moja moja. Sanduku lilikuwa la mwerezi, ukubwa wa kumtosha mtoto mchanga kulala. Ndani, pembeni, kilikaa kisahani chenye sifongo iliyoloweshwa maji ya mvua yaliyochemshwa yakapoa. Sigara hazikutakiwa kuigusa. Kila Jumatatu za chini zinapanda juu, za juu zinashuka. Ukitaka kujua hali zao unachukua moja, unaisogeza sikioni, unaiminya kidogo kwa vidole viwili. Ikilia kama jani kavu, ina kiu, ongeza maji kwenye sifongo. Ikinyamaza na kurudi ilivyokuwa, iache. Athumani alikuwa na sikio la kazi hiyo. Aliziminya amefumba macho, na Mzee Kobelo akipita mlangoni humtania, "Haya, daktari, mgonjwa anasemaje?" Mimi bibi yangu alitunza tumbaku yake darini juu ya moto wa jikoni, imesokotwa, imefungwa kwa magamba ya mgomba, nikadhani tumbaku yote duniani hupenda moshi. Nilipomwambia Bwana hivyo alicheka mpaka akakohoa.

Sasa Athumani alikuwa na kaka yake, jina lake Mrisho, na Mrisho alikuwa mnyororoni. Alikataa kwenda kazi ya barabara wakati wa kupanda mahindi, jumbe akamtaja, wakamvika pete ya chuma shingoni, wakamfunga na wenzake watano kwa mnyororo mmoja. Barabara waliyokuwa wakiilima ilikuwa ya kwenda Mlali, kwao mwenyewe, kwa hiyo kila siku Mrisho alikaribia nyumbani hatua chache, na jioni anarudishwa nyuma kulala kambini. Athumani hakuwa na mazungumzo mengine. Ukimwambia mvua inakuja, anasema Mrisho atalowa. Ukimwambia chakula tayari, anauliza sijui Mrisho amekula. Siku moja nakunja mashuka chumba cha pili, nikamsikia Bwana akizungumza naye mlangoni mwa chumba cha sigara. Bwana alikuwa anajiandaa kwa safari ya miezi miwili, kwenda upande wa Kisaki kupima njia. Akasema, "Athumani, nikirudi nikakuta sigara zangu nzima, nitakupa karatasi ya kaka yako. Siku hiyo hiyo atafunguliwa." Athumani akauliza, "Kweli, Bwana?" "Ziwe nzima tu." Nikasikia mbao za sakafu zinalia, nikajua Athumani amepiga magoti. Bwana akasema, "Inuka, inuka, tafadhali." Nikaona haya kusikiliza, nikazidi kukunja mashuka.

Alipoondoka na wapagazi wake, tukakuta amebandika karatasi ndani ya mfuniko wa sanduku. Maandishi yake yalikuwa mazuri, hata mtoto angeyasoma. Athumani akafunga mlango, akaniambia, "Mwalimu, soma." Nikasoma, kidole chini ya kila neno kama masista walivyonizoesha. Maji ya mvua tu. Geuza Jumatatu. Usiweke juani. Na mstari wa mwisho, Ukiona ukungu, fungua sanduku mpaka uishe.

Wewe unayesoma haya huenda umekwisha kuelewa alichotaka kusema. Mimi sikuelewa. Kwetu mlimani, ukungu ni ule mweupe unaopanda kutoka bondeni baada ya adhuhuri, unaingia dirishani bila hodi, unalowesha nguo ulizozianika ukadhani zimekauka. Kile kinachoota juu ya kiporo cha ugali sisi tulikiita kuvu, na sikuwahi kusikia kwa masikio yangu mtu wa kwetu akikiita jina jingine. Bwana alijifunza Kiswahili pwani, kwa watu ambao hawaamki na mlima mlangoni, nao wakiona kuvu juu ya mkate husema mkate umefanya ukungu. Neno ni hilo hilo, herufi zile zile, na masista hawakunifundisha kwamba neno laweza kuwa na nyumba mbili. Athumani alikunja uso. Akasema, "Ukungu ukija tufungue? Si ni maji yale? Bwana amesema maji yasizidi." Nikamjibu, "Sigara zina kiu, amesema mwenyewe. Pengine hiyo ndiyo hewa zinayoitaka, kwao si kuna baridi?" Nilisema kwa kujiamini kabisa, kana kwamba Ulaya nimefika. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. "Imeandikwa hivyo?" "Imeandikwa." Mtu asiyejua kusoma atabishana na nini?

Basi tukafungua. Ulikuwa wakati wa kipupwe, na mwaka ule ukungu haukukosa hata siku moja. Ukianza kuonekana kwenye migomba ya chini, Athumani anaacha kazi aliyokuwa nayo, anakimbia kufungua dirisha, kisha mfuniko, anasimama pembeni mikono nyuma. Ule mweupe unaingia, unajaa chumba, mpaka sanduku lenyewe hulioni vizuri. Ukiisha, anafunga. Aliziminya akasema, "Hazilii hata moja, Mwalimu. Zimenyamaza kabisa." Tukafurahi. Nasema kweli, siku zile tulifurahi. Bwana hayupo, tunakula jikoni chungu kimoja, magimbi na maharage, siku nyingine njugu mawe alizoletewa Mzee Kobelo kutoka kwao. Mzee Kobelo akawa anatupikia hata ile supu ya viazi, ila anaitia pilipili, anasema ndiyo anaibatiza. Athumani akanisimulia nyumba atakayojenga na Mrisho, mlango utatazama wapi, mti gani watapanda. Aliniuliza kama najua kuandika pia, nikasema najua. Akasema, "Basi siku Mrisho akitoka utaandika jina lake juu ya mlango." Nilianza hata kuyafanyia mazoezi majina yao kwenye majivu kwa kijiti.

Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa napitia barabarani kumpelekea Mrisho chakula, maana Athumani aliagizwa asiiache nyumba. Wafungwa Jumapili waliachwa wakae kivulini, lakini mnyororo haukufunguliwa, mmoja akitaka kujinyoosha wote sita wanasogea. Mrisho alikuwa mfupi kuliko mdogo wake, mcheshi, na alikwisha kuwaambia wenzake habari za sanduku. Nikitokea tu, kabla ya salamu yoyote, anaita kwa sauti, "Hazijambo?" Nami najibu, "Hazijambo!" Wote sita wanacheka, mnyororo unalia, na askari naye anacheka bila kujua anachokicheka. Ikawa ndiyo salamu yetu. Wale wenzake nao, ambao hawakuwa na faida yoyote katika jambo lile, wakanipokea kwa swali hilo hilo. Sigara za Mzungu, watu sita wanazitakia afya.

Wiki ya sita, Jumatatu ya kugeuza, Athumani aliinua safu ya juu akaita jina langu, si Mwalimu, aliniita Tekla. Nikaenda. Safu ya chini ilikuwa nyeupe. Kuvu laini, kama unga uliopeperushwa, limezilalia sigara zote kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nikachukua kitambaa nikakilowesha, nikaifuta moja, na gamba lake lililokwisha kulainika likachanika likabaki kwenye kitambaa. Athumani akanishika mkono, "Acha! Acha, usiguse." Mimi nikamkumbuka bibi yangu na dari yake. Nikamwambia tumbaku ikipata unyevu dawa yake moshi. Tukachukua tatu kwa kujaribu, tukazipandisha darini jikoni, juu ya moto. Siku ya pili zimepasuka kwa urefu, zinanuka supu. Mzee Kobelo akazitazama, akanitazama na mimi. Akasema, "Nyie watoto, acheni uganga. Fungeni sanduku, Bwana akija mwambieni lilivyokuwa." Athumani akasema, "Alisema ziwe nzima." Alilirudia neno hilo siku nzima, ziwe nzima, ziwe nzima, mpaka nikatamani kumziba mdomo.

Tarishi akaja kusema Bwana yuko njiani, siku tatu atafika. Ndipo nilipofanya jambo la pili, na hili hakuna karatasi ya kulisingizia. Nilimwambia Athumani akimbie. Tulikuwa kwenye kibanda cha pasi, asubuhi, mkaa ndio unashika. Nilisema, "Ukikaa utatiwa mnyororoni wewe pia. Mtakuwa wawili badala ya mmoja, nani atawaletea chakula?" Akauliza, "Na Mrisho?" Nikasema, "Ukiwa huru utamtafutia njia." Maneno yale niliyasema vizuri, moja baada ya jingine, kama ninayesoma. Alinisikiliza hivyo pia, kama anayesomewa. Mzee Kobelo alipita na kuni, akasema, "Kaa, kijana. Mimi namjua Bwana," na Athumani hakumgeukia. Alinipa funguo. Nikamfungia magimbi ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, akapita njia ya Kinole ili asikutane na msafara, na ukungu wa siku ile ulipokuja hapakuwa na mtu wa kukimbilia dirisha.

Bwana alifika amekonda, ndevu zimeota, viatu vimekwisha. Hakutaka hata kunawa. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba kile, nami nikamfuata na funguo, tundu la ufunguo likanishinda, akaufungua mlango mwenyewe. Akainua mfuniko. Akachukua moja ya chini, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya kile cheupe, akakitazama kidole. "Aa," akasema. "Ukungu." Nikatazama dirishani, kweli kabisa, nikatazama dirishani kuona kama umekuja. Nje jua lilikuwa linawaka. Akatoa leso kavu, akaipangusa sigara taratibu, mara mbili, tatu, ikarudi kahawia kama mwanzo. Akaisogeza sikioni, akaiminya, akanusa, akawasha. Akavuta macho amefumba, kama Athumani. "Nzuri," akasema. "Ukungu kidogo tu, si kitu. Unafungua sanduku, unaacha hewa kavu iingie, unapangusa. Niliandika, sivyo?" Akaigonga ile karatasi kwa ukucha, pale pale kwenye mstari wa mwisho.

Kisha akatia mkono katika mfuko wa koti akatoa karatasi nyingine, imekunjwa mara nne, imelowa jasho pembeni. "Mwite Athumani," akasema. "Hii yake. Niliiandika tangu Kisaki." Nikasema hayupo. "Amekwenda mjini?" Nikasema hayupo, Bwana. Akanitazama kwa muda. "Ametoroka?" Akairudisha ile karatasi mfukoni. Akasema, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayesema mvua imeharibu daraja, "Basi. Mtumishi akitoroka, ndugu yake anakaa mahali pake mpaka arudi. Ndivyo inavyokwenda." Nilikuwa na la kusema. Lilikuwa limekaa mdomoni tayari, Bwana, ni mimi niliyesoma vibaya, ni mimi niliyemwambia akimbie, yeye alitaka kukaa. Maneno hayazidi hayo. Yeye akasema, "Tafadhali, niletee kahawa." Nikaenda nikaleta kahawa.

Watu huniambia, ukiwa na jambo zito moyoni unalisikia kama jiwe. Mimi sikusikia jiwe. Sikusikia kitu chochote. Nilipiga pasi mashati yake ya safari, ya kwanza, ya pili, mpaka kapu likaisha, na Mzee Kobelo akaja akasimama mlangoni akasema, "Mwanangu, kamwambie," nikamwambia nitamwambia. Nilisema nitamwambia kila siku kwa muda wa wiki mbili, kisha Mzee Kobelo akaacha kuniambia. Ile karatasi niliiona baadaye kwenye saraka ya kabati lake nikipanga leso. Niliifungua. Ilikuwa ya Kiswahili, mistari miwili, jina la Mrisho wazi kabisa, na jina la Bwana chini. Nilijua kuisoma vizuri sana. Nikaikunja mara nne kama nilivyoikuta.

Jumapili nikapeleka chakula kama kawaida. Mrisho aliniona kutoka mbali, akaita, "Hazijambo?" Na zilikuwa hazijambo. Zote ukiacha zile nne tulizoziharibu zilikuwa zimepanguswa, zimepangwa, nzima. Nikajibu, "Hazijambo." Akauliza, "Bwana amerudi?" Nikasema amerudi. Akapiga paja lake kwa kiganja, mwenzake wa kushoto akavutwa na mnyororo, wakacheka. "Basi kumebaki kidogo," akasema. Akala magimbi yote, akalamba na jani. Sikumwambia Athumani ameondoka. Jumapili iliyofuata pia sikumwambia, na sijui ni nani aliyemwambia, lakini ile ya tatu hakuita. Alipokea chakula akasema asante, dada. Vuli ilipoanza walikuwa wamefika karibu na Mlali kiasi cha kusikia majogoo wa huko. Akashikwa na kifua, akakohoa siku chache, akafa barabarani asubuhi. Ile pete walimvua ili wamzike. Askari ndiye aliyenieleza, nimesimama na chakula mkononi, na wale watano wananitazama, hakuna aliyeuliza hazijambo. Nikawapa wao chakula, wakala. Nikarudi mlimani, na ukungu ulikuwa umekwisha kuingia ndani ya nyumba yote. Mwaka ukageuka, vita vikaja, Bwana akaondoka na jeshi lao, sanduku sijui alilichukua nani. Niliolewa, nikazaa, nikazika mume, na katika yote hayo nimekuwa mtu mzuri tu, watu watakuambia. Lakini kumsomea mtu barua yake nilikataa. Nilisema macho yangu mabovu. Nilianza kusema macho yangu mabovu nikiwa na miaka ishirini.

Chai ilichemka ikamwagikia moto, ndipo nikakumbuka mgeni. Nikampelekea, nikamtilia sukari nyingi. Athumani alikuwa ameokota mchele wote, ameurudisha kwenye ungo, anachagua vijiwe kwa vidole vile vile. Akapuliza chai, akanywa kidogo. Habari za kifo cha kaka yake alizipata mwaka mmoja baadaye, akiwa Rufiji, akasema, na hakuwa na uso wa kurudi Mlali, akalima huko, akaoa huko. Kisha akasema, "Jambo moja ndilo linalonisaidia, Mwalimu. Zile sigara zilikuwa zimeoza. Ningekaa, wangenifunga na mimi, na Mrisho asingetoka. Hapakuwa na namna. Nikilala najiambia hivyo, hapakuwa na namna." Akaweka kikombe chini. "Lakini sikuwepo, sikumwona Bwana kwa macho yangu. Wewe ulikuwepo. Alisemaje?"

Nilimtazama. Ana kovu dogo kwenye kidevu ambalo hakuwa nalo zamani. Nikafikiri, huyu ametembea kutoka Mlali kwa miguu ile, kwa ajili ya neno moja kutoka kwangu, mara ya pili katika maisha yake. Ukweli ulikuwa wake. Niliuchukua mwaka ule nikauficha, na sasa amekuja kuudai mwenyewe barazani kwangu, mzee, amevaa kanzu ya Ijumaa, na nikimpa hatalala tena.

"Alikasirika sana," nikasema. "Alizitupa zote bondeni, na sanduku lake. Alitaka watu wakakutafute wakulete mnyororoni."

Akafumba macho. Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Nilijua," akasema. "Nilijua tu. Uliniokoa, Mwalimu." Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na hiyo aibu, Mungu anisamehe, ndiyo kitu cha kwanza nilichokisikia sawasawa tangu kahawa ya siku ile. Akapangusa macho kwa kofia yake, akacheka kidogo, akaichukua ile barua akaniwekea mapajani. "Haya sasa, nisomee. Wajukuu wa siku hizi wanaandika tu, hawajali babu hajui kusoma." Nilikuwa na jibu langu la siku zote, macho mabovu. Sijui kwa nini halikutoka. Nilivaa miwani, nikaweka kidole chini ya neno la kwanza. Mwandiko ulikuwa wa mtoto wa shule, mkubwa, umelala upande mmoja. Nikamsomea kwamba amepata kazi bandarini, kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kike, kwamba wanamsalimu babu sana, na kwamba wao huko hawajambo.

Athumani alikuwa ameinamisha sikio kama zamani. "Hawajambo?" akauliza.

"Hawajambo."

"Imeandikwa hivyo?"

Nikarudi kwenye lile neno. Nikalisoma tena moyoni, herufi moja moja, nikalitafuta kila upande kama lina maana nyingine.

"Imeandikwa," nikamwambia.